Hina ya Mwaka wa Githeri

Ule ulikuwa mwaka tuliokula githeri. Kwa hesabu ya serikali ni tisini na saba kuingia tisini na nane, lakini hapa Garissa muulize mwanamke wa rika langu, atakwambia, aa, mwaka wa githeri, na atakunja uso. Sisi ni watu wa nyama na maziwa. Mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja ni chakula cha walimu na askari wanaoletwa huku kutoka bara. Tulikuwa tukiwaona wakila tunawahurumia. Mwaka ule tukawa sisi.

Mvua ya Elnino ilikuja ikakaa. Mto Tana ulifurika, barabara ya Nairobi ikakatika, ya Wajir ikawa ziwa, na malori ya mchele na baasta, zile tambi zetu, yakazama matopeni mpaka usawa wa milango. Halafu mifugo ikaanza kuugua. Mbuzi wenye mimba walizitupa, zizi zima ndani ya wiki moja. Mimi nilikuwa na mbuzi watatu nyuma ya nyumba. Wawili walitupa, wa tatu alitoka damu puani akafa karibu na mlango wangu. Baadaye watu nao wakaanza kufa kwa homa ile ya kutoka damu. Kipaza sauti cha msikiti kikatangaza: msichinje, msile nyama, msinywe maziwa mabichi. Hata yaliyochemshwa watu waliyaogopa. Niliona wanawake wakimwaga maziwa ya ngamia mtaroni, wanaangalia pembeni wakiyamwaga, kama mtu anayefanya jambo la aibu. Ikabaki githeri ya msaada.

Naanza na chakula kwa sababu mwaka huo binti yangu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mwenye mimba kwetu hupewa maini, hupewa supu ya mbuzi, maziwa ya ngamia asubuhi na jioni. Yeye alipata githeri, na githeri aliichukia. Alikuwa akitoa maharagwe moja moja kwa kidole na kuyapanga ukingoni mwa sahani kama mtu anayecheza bao. Nakwambia mapema usije ukasoma kwa matumaini: hakupona. Ninachotaka kuandika ni jinsi nilivyompamba.

Mimi sikusoma. Herufi nilifundishwa nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la gumbaru, na nilifundishwa kwa Kiswahili, ndiyo maana naandika Kiswahili. Kisomali changu kiko mdomoni tu, hakijawahi kushuka kwenye karatasi. Lakini mikono yangu ilisoma zamani. Nilikuwa na kibanda sokoni nikiuza hina, wanja, udi, na qasil, ule unga wa majani ya kijani ambao wanawake wetu huchanganya na maji na kujipaka usoni ngozi iwe laini. Harusi ya maana katika mji huu haikufanyika bila mimi. Nilikuwa nikimpaka bi harusi hina kuanzia vidoleni mpaka kwenye viwiko, maua na matawi, bila kuchora kwanza, na mkono haukutetemeka. Sijisifu bure, waulize.

Na binti yangu ndiye alikuwa kibanda changu chenyewe. Wanawake walikuwa wakimwangalia yeye kabla ya kuangalia bidhaa. Mrefu, shingo ndefu, anatembea taratibu kama ana mtungi kichwani hata asipokuwa nao. Mumewe alikuwa dereva wa lori la mifugo. Alimuona mara moja sokoni ananipimia mteja hina, akarudi kesho yake kununua udi, na kesho kutwa udi tena, mpaka nikamwambia, "Kijana, nyumba yako itaungua. Sema unachotaka." Akasema.

Mvua ilimkuta huyo mkwe wangu upande wa Mandera, huko Banissa, akiwa na lori tupu na barabara hakuna. Simu za mkononi hazikuwako. Tulikuwa na taar, ile redio ya duka la mawasiliano ambayo unakwenda unasimama foleni, unapiga kelele ndani yake, na mtu wa upande wa pili anapiga kelele pia, na foleni nzima inasikia mambo yenu. Akapiga kelele kutoka Banissa: "Mwambieni mke wangu nataka nimkute vilevile nilivyomuacha!" Foleni nzima ikacheka. Binti yangu akajifunika uso kwa shela. Mimi nikachukua yale maneno kama amri. Nikasema moyoni, vilevile? Mimi nitampa mzuri kuliko alivyomuacha.

Mwezi wa sita wa mimba akaanza kuwa mweupe.

Hapa lazima nieleze, maana mtu wa mbali anaweza asielewe upumbavu wetu. Kwetu mwanamke akiwa mweupe husifiwa. Weusi wa mimba, yale mabaka yanayokaa mashavuni, ndiyo yanayoogopwa, na qasil huuzwa kwa ajili ya hayo. Binti yangu hakupata baka hata moja. Rangi yake ilikuwa ikififia tu, siku baada ya siku, sawasawa, kama nguo inayofuliwa mara nyingi. Na miguu ikajaa. Mwanamke aliyejaa naye husifiwa. Basi watu wakasifu.

Jirani yangu aliyekuwa akiuza chai karibu na kibanda changu, mwanamke wa maneno, ndiye aliyeanza. "Abaayo, unampaka nini huyu?" akaniuliza. Abaayo ni dada, ndivyo tunavyoitana hata tukiwa tunachukiana. "Mimi nimezaa saba, kila mimba iliniacha kama sufuria. Huyu wako anakuwa Mwarabu!"

"Ni qasil," nikamwambia. "Qasil na manjano kidogo, na mkono wa mtu anayejua."

"Niuzie basi hiyohiyo, usinipe ya makapi."

Nikamuuzia. Siku ya pili wakaja wengine watatu. "Tupe ile aliyopakwa binti yako." Nikawa namuita kutoka nyuma ya pazia: "Hooyo, njoo wakuone." Mama kwetu humwita mtoto wake hooyo, jina lilelile ambalo mtoto humwita yeye, mkaitana hivyo mpaka mwisho. Naye alikuja, anashika nguzo ya kibanda, anasimama hapo na tumbo lake, anatabasamu, na midomo yake nimeipaka rangi kwa sababu bila rangi ilikuwa haionekani. Wanawake wakimshika shavu. "Mashallah! Mashallah!" Na mimi napima unga. Niliuza ugonjwa wa mwanangu kwa vijiko, na wateja wakanishukuru.

Alama zilikuwako. Alikuwa akila udongo. Nilimkuta anabandua udongo wa ukuta wa jikoni, ule ulioloa mvua, anauweka mdomoni na kufumba macho kama anayekula halua. Nikampiga mkono. "Mdomo wako umechafuka, nani atakusifu hivyo?" Hilo ndilo nililomwambia. Mdomo umechafuka.

"Unanukia vizuri, hooyo," akasema. "Unanukia kama mvua ya kwanza."

"Mvua hatujaikosa mwaka huu," nikamjibu.

Alikuwa akichoka. Kutoka nyumbani mpaka sokoni ni mwendo wa kuchemsha chai, yeye akipumzika mara tatu njiani. Nikasema ni mimba. Akilalamika moyo unapiga mbio amekaa tu, nikasema ni mtoto anacheza. Kila neno lake nililipatia jibu, na majibu yangu yote yalikuwa mazuri.

Mimba ikifika mwezi wa nane kwetu kuna madaxshub. Wanawake wazima hukusanyika kwa mwenye mimba, wakamwagia mafuta ya ufuta kichwani, wakamuombea kwa Mungu apitishwe salama. Mwenyewe hukaa katikati kwenye mkeka, amevaa dera jipya, amefukizwa udi, amepakwa hina mikono na miguu, na kila mwanamke anayeingia humtazama kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo. Ni siku ya dua, lakini macho hayafungwi. Mimi niliyepamba mabinti wa mji mzima, ningempelekaje wangu mbele yao bila kitu? Siku tatu kabla nikamkalisha. Hina nilichuja mara mbili kwa kitambaa chembamba, nikaichanganya na ndimu, nikaiacha iive. Nilimpaka kuliko nilivyompaka siku ya harusi yake. Viganja nilivijaza kabisa, na kucha zote kumi nikazirudia mara tatu mpaka zikawa na rangi ya tende iliyoiva sana. Alisinzia huku nampaka. Kichwa chake kilianguka begani kwangu na mimi nikasema, tulia, usiharibu maua.

Kesho yake ilikuwa siku ya zahanati.

Tulikuwa na sista mmoja pale, mwanamke wa bara, Mkristo, mfupi, ana sauti ya kuita watu kutoka mbali. Tulimpenda kwa sababu hakutucheka tunavyosema Kiswahili, hata nilipokuwa nikimwambia "babai" badala ya papai. Alimlaza binti yangu, akapima tumbo, akasikiliza mtoto kwa ile pembe yake. Halafu akamshika mikono na kuigeuza.

"Mama, nani alimpaka hivi?"

"Mimi," nikasema, nikajinyoosha. "Umeona kazi?"

"Nimeona. Ni nzuri sana. Sasa mimi nitasoma nini hapa?"

"Kumbe sista unasoma viganja kama mganga?" Wanawake kwenye benchi wakacheka, mlango ulikuwa wazi.

Yeye hakucheka. "Nasoma damu, mama. Mtu akipungukiwa na damu, kiganja kinakuwa cheupe, na ukucha pia. Huyu amevimba miguu na anahema akiwa amelala. Lakini mikono yake ni myekundu kuliko yangu."

Akamvuta kope la chini aangalie ndani ya jicho. Jicho nalo lilikuwa jekundu, kwa moshi wa kuni mbichi na wanja niliomtia asubuhi. "Hili limewashwa," akasema, "siwezi kuliamini." Dawa ya kupimia damu ilikuwa imeisha, iko kwenye lori huko matopeni, na vidonge vya damu vivyo hivyo. Akachukua pamba, akailowesha spiriti. "Tufute ukucha mmoja tu. Mmoja, nione rangi ya chini."

Nikacheka kweli. "Sista, hiyo ni hina, siyo rangi ya dukani. Hiyo hutoka ukucha ukikua."

"Basi nitakwangua kidogo na wembe. Hiki kidole kidogo tu, hakuna atakayeona."

Na binti yangu akanyoosha kidole. Hili ndilo jambo ninalolibeba. Alinyoosha kidole chake cha mwisho tu, akamuwekea sista mkononi, kama mtoto anayempa mama yake kidole kilichochomwa na mwiba. Mimi nikauchukua ule mkono, nikauingiza chini ya shela yake. Nilifikiria mkeka wa madaxshub, na jirani yangu muuza chai akihesabu kucha. Nikamwambia sista:

"Sifuti. Hata ukucha mmoja sifuti."

Sista aliiweka pamba chini. Nilidhani atanifokea, ningefurahi angenifokea. Akaandika karatasi. "Basi mpeleke hospitali kubwa leo hii, wamtoe damu wapime. Leo, mama. Usikae nayo." Nikasema inshallah. Ile inshallah yangu ilikuwa ya kumtoa mtu njiani, Mungu anisamehe. Hospitali kubwa ilikuwa mji huuhuu, mkokoteni wa punda ungetufikisha kabla ya adhuhuri. Sina lori lililozama la kusingizia hapo. Karatasi niliiweka ndani ya kopo la qasil, nikajiambia, baada ya madaxshub.

Madaxshub ilikuwa nzuri. Sisemi uongo kwa sababu ya yaliyofuata, ilikuwa nzuri. Chakula tuliwapa githeri, tungewapa nini? Tuliitia sukari na mafuta ya ufuta kama tunavyofanya kunde zetu, na wanawake walikula wakitaniana, "Leo tumekuwa walimu, nani ana chaki?" Binti yangu alikaa katikati na dera la rangi ya machungwa, moshi wa udi unamzunguka, uso mweupe, mikono myekundu juu ya tumbo. Wazee wakamwagia mafuta, yakashuka kwenye paji la uso, wakamtaja mama yetu Hawa, wakamtaja Fatuma, wakaitikia amina. Muuza chai akamshika mkono, akaugeuza, akahesabu kucha kweli kama nilivyojua.

"Abaayo, nimeshindwa," akaniambia. "Mume wake akirudi atapita mlango huu akidhani ni wa Mwarabu."

Watu wakacheka. Binti yangu naye akacheka, halafu kicheko kikamkatikia kifuani, akashika mkeka. Akaniinamia sikioni.

"Hooyo, masikioni mwangu mto unapita."

"Mto unapita masikioni mwa mji mzima," nikamwambia. "Kaa sawa, wanakutazama."

Akakaa sawa.

Uchungu ulimshika siku nane baadaye, asubuhi, mapema kuliko tulivyohesabu. Tulimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa punda, maji yakifika kwenye ekseli. Hakupiga kelele hata mara moja, hakuwa na pumzi ya kupigia kelele. Saa nne mtoto akatoka, msichana, mdogo, amekasirika, akalia vizuri. Nikasema Alhamdulillahi. Halafu damu ikaja.

Haikuwa damu nyingi. Mimi nimezaa, nimeona wanawake wakizaa, nimeona damu mara mbili ya ile na mwenyewe akaamka akadai chai. Lakini yeye ndiyo hiyo aliyokuwa nayo. Sista alikuwa anakandamiza tumbo, anamuita, anatuma mtu akimbie hospitali kuomba gari na damu. Akashika mkono wake, akautazama, mwekundu, akauachia kama aliyekumbuka. Halafu akachukua pamba, akamfuta midomo.

Ile rangi ikatoka kwenye pamba. Chini yake hapakuwa na mdomo. Palikuwa na ngozi ya rangi ya majivu ya kuni, midomo ya mtu ambaye alishaondoka siku nyingi na sisi tukawa tunaendelea kumpaka. Sista alinitazama mara moja tu. Hakusema, "Nilikwambia." Mpaka leo sijui kama ni huruma au ni kazi ilimshika. Binti yangu alifungua macho, akanitafuta, akasema, "Hooyo." Sijui alikuwa ananiita mimi au anamwita mtoto wake. Jina ni hilohilo.

Gari lilifika adhuhuri, halikuwa na kazi tena.

Mama hukaa pembeni maiti ya mwanawe ikioshwa, lakini mimi nilikataa kukaa pembeni. Nilikuwa nimempaka mimi, nikasema nitamuosha mimi. Tukawa wanawake watatu. Maji yalitoa kila kitu. Wanja ulitoka, qasil iliyobaki kwenye mstari wa nywele ilitoka, mafuta ya madaxshub yalitoka kichwani, udi ulitoka kwenye ngozi. Alikuwa mweupe mwili mzima, weupe ambao hakuna mtu angeuomba dukani. Hina ikabaki. Nilisugua. Nilichukua kidole chake cha mwisho, kile, nikakisugua kwa sabuni na jiwe mpaka muuza chai, naye alikuwa mmoja wa wale watatu, akanishika mikono yote miwili. "Muache, abaayo. Muache. Hiyo haitoki." Kana kwamba mimi sikujua.

Tulimzika na kucha zake kumi.

Mumewe alifika siku ya kumi na moja baada ya maziko. Maji yalikuwa yamepungua kidogo, akapita na malori mengine kwa njia ya Kutulo, akisukuma zaidi ya kuendesha. Habari haikuwa imemfikia, taar ilishindwa kumpata njiani. Alishuka amebeba debe dogo la nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Nyama ya kule juu, ya ngamia wasioguswa na homa. Aliichinjisha mwenyewe kwa sababu alisikia sisi huku hatuna nyama. Aliniona mlangoni nina mtoto mkononi, akatabasamu, akatazama nyuma yangu. Akaendelea kutazama nyuma yangu.

Sikumwambia habari ya ukucha. Nilimwambia kudra ya Mungu, na ilikuwa kudra, lakini kudra nayo ilikuwa imetuma sista na wembe. Akaliweka debe chini, akaondoka, macho yake yakiwa bado ndani ya nyumba. Debe lilibaki. Sikuonja. Niliwagawia majirani nyama yote, na kila aliyesema ni tamu nilimchukia kwa siku moja.

Kibanda nilikifunga miezi mingi. Lile kopo la qasil nilikuta karatasi ya sista ndani yake, imegeuka kijani. Nilikuwa sijui kuisoma wakati ule. Niliingia gumbaru kwa sababu yake, siyo kwa sababu nyingine, watu walidhani nataka kusoma Kurani kwa tafsiri. Mwaka wa pili wa kusoma nikaifungua tena. Maneno yalikuwa matatu na nusu, la mwisho limeliwa na unga: apimwe damu leo, hara. Nimeitunza.

Nilipofungua kibanda tena nikaweka sharti. Mwenye mimba akija, nampaka maua yoyote anayotaka, nampaka miguu, nampaka mpaka kwenye kiwiko, lakini viganja naviacha, na kucha nampaka tisa. Wa kidole cha mwisho namwachia. Walinibishia, wengine wakanitukana. "Mzee, umesahau kimoja." "Sijasahau." "Nitaenda kwa mwingine basi." "Nenda, na mwambie akuachie kimoja." Nilipoteza wateja, wakarudi. Baadaye wasichana wakaanza kuona ukucha mmoja mtupu kwa dada zao wakadhani ni fasheni, nao wakaja wasioolewa, hawana mimba wala mchumba, wakinyoosha kidole: "Na mimi uniachie kimoja." Jirani yangu muuza chai alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza kucheka. Niliwaachia.

Mtoto nilimlea. Nililea vizuri, na hilo nasema bila haya. Alikunywa maziwa ya mbuzi, ya ngamia, ya kopo, chochote kilichokuwa na maziwa. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi, ana shingo ile ile na mwendo ule ule, na ana mimba ya miezi saba. Anaenda kliniki kabla hata ya siku aliyopangiwa. Mikono yake mitupu. Jioni anakuja kukaa na mimi, naishika, naigeuza, naangalia kucha kama sista. Ziko sawa. Ni za rangi ya waridi, hazijapakwa na mtu, na ni nzuri kuliko kazi zangu zote.

Yeye ndiye anayenipigia chapa maandishi haya, mimi naandika kwenye daftari na yeye anasoma kwa sauti akichapa. Jana alifika pale ninapoandika habari za zahanati. Akasoma mpaka kwenye kile kidole kilichonyooshwa, akaacha kuchapa. Alikuwa hajui. Miaka yote hii nilimwambia mama yake alikufa kwa mafuriko, na watu wengi walikufa kwa mafuriko, basi hakuuliza. Alikaa na mkono juu ya tumbo. Nikangoja anitukane. Nilikuwa tayari, nilikuwa nimengoja muda mrefu kuliko umri wake.

"Ayeeyo," akasema mwishowe, nayo ni bibi kwetu, "hapa tufute."

"Wapi?"

"Hapa pa ukucha. Tuseme tu dawa ya kupimia ilikuwa haipo. Si ni kweli haikuwapo? Watu wakisoma hivi watasema ulimuua mama yangu. Mimi sitaki waseme." Machozi yalikuwa yanamtoka, na kidole chake kiko tayari juu ya kile kitufe cha kufutia. "Ni mistari michache tu, ayeeyo. Hakuna atakayeona."

Nikauchukua ule mkono wake, taratibu, nikauweka mapajani mwangu. Nikamwambia:

"Sifuti. Hata ukucha mmoja sifuti."